Mgongo wa Mringaringa

Mringaringa wetu wa Shimbwe umeinama juu ya korongo
kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.
Watu husema ni mti mrahisi, mgongo wake ni njia,
hata mbuzi angefika katikati.
Ndivyo alivyosema baba pia.

Kwa hiyo sikuanzia kwenye shina. Nilianzia kwenye mizizi,
upande wa nyuma, upande wa mlima,
ambako mti ulioinama huficha siri zake.
Nikapiga teke udongo, nikatafuta ufa na uyoga,
nikabisha hodi kwenye gome kwa mpini wa panga.
Likaitika kwa sauti nzito.
Masika yalikuwa yameisha wiki tatu nyuma.
Nikasema: leo.

Kamba ni ya wapagazi, imestaafu mlimani.
Niliinunua Mbuyuni baada ya kuipitisha yote vidoleni,
pima kwa pima, macho nimefumba.
Kiti alikishona fundi viatu Mmbando kwa mikanda ya lori.
Akaniuliza, "Punda wako ana kiuno chembamba hivi?"
Nikamwambia apime tu, nyuzi azipitishe mara mbili.

Elikana ameuzungusha mwisho wa kamba kwenye mgrivea,
mkono mmoja hauachii.
Mama amekaa kando ya mfongo, miguu majini, hatazami.
"Aliye juu mngoje chini," anasema,
na leo si methali. Anangoja kweli.
Baba yuko ndani. Ameongeza sauti ya redio.

Ukiteleza kwenye mti wima, unarudi kifuani mwake.
Ukiteleza kwenye mti ulioinama, shina linabaki
na wewe unakwenda:
unabembea hadi chini ya tumbo lake,
uso kwa uso na mawe.
Basi panda mgongoni, na kitanzi cha kwanza kisivuke tawi
kabla cha pili hakijauma.
Usiiruhusu kamba ilegee kama mazungumzo ya walevi.
Haya hakunifundisha mtu.
Niliyasoma kwenye nyonga ya baba,
miezi miwili ya kitanda cha Mawenzi,
ukurasa kwa ukurasa.

Vidato vyake vipo bado. Alivikata kwa shoka,
na mti umeanza kuvifumba kama vidonda.
Nilivihesabu kwa vidole vya miguu:
kumi na saba, kumi na nane,
kumi na tisa.
Cha ishirini ni nusu.
Shoka lilianza, halikumaliza.

Hapo ndipo nilipoteleza.
Sitasema ni kitu gani. Ni utelezi wa kijani, basi,
umande wa asubuhi ambao jua halijaufikia.
Dunia ikageuka kama ukurasa,
tumbo la mti likanipita juu ya paji la uso,
na mkanda wa lori ukanikamata mapajani
kwa nguvu ya mjomba mkali.
Mbega walinyamaza. Mama hakunyamaza.
Nilining'inia. Korongo lilikuwa likipumua baridi,
na nikaona, chini kabisa, katikati ya mawe,
kipande cha mzinga wa zamani, kimeota majani.

Nilikaa kwenye kile kiti cha punda
mpaka magoti yakaacha kusema.
Kisha nikajivuta, kitanzi, mguu, kitanzi,
nikarudi mgongoni,
nikakipita kile kidato cha nusu bila kukikanyaga.
Juu yake gome ni zima. Hakuna alama ya shoka.
Nyumba yetu haijawahi kufika hapa.
Harufu ya maua meupe, nyuki wawili watatu,
wanachunguza.

"Leta mzinga," nikaita.
"Elikana! Legeza kidogo."
Akalegeza shubiri moja, si zaidi, kama tulivyokubaliana.
Mzinga ukaanza kupanda, ukizunguka polepole,
ukigonga shina, ukiachana nalo.
Na kule nyumbani, katikati ya taarifa ya habari,
redio ikazimwa.